Kuzunguka Pengo si Kuliziba: Historia ya Uelekezaji wa Data katika Mitandao ya Vihisi Pasiwaya, 1978–2012

1.0 Utangulizi

Mtandao wa vihisi pasiwaya ni mkusanyiko wa vifaa vidogo, aghalabu vinavyotumia betri, vinavyotawanywa katika eneo fulani ili kupima joto, unyevu, mtikisiko, sauti au mwendo, na kupelekeana vipimo hivyo kwa redio hadi vifike katika kituo cha kukusanyia data. Kila kifaa, ambacho katika makala haya kinaitwa nodi, kina mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni upeo wa kuhisi, yaani umbali ambao nodi inaweza kutambua jambo linalotokea karibu nayo. Wa pili ni upeo wa redio, yaani umbali ambao nodi inaweza kuzungumza na nodi nyingine. Kwa kuwa upeo wa redio ni mfupi ukilinganishwa na ukubwa wa eneo, taarifa haifiki kituoni kwa mruko mmoja, bali hupokezanwa kutoka nodi hadi nodi, kama ndoo za maji zinavyopokezanwa na watu waliojipanga mstari kuzima moto.

Sehemu ya eneo isiyofikiwa na upeo wa kuhisi wa nodi yoyote huitwa pengo la ufunikaji. Sehemu ambayo pakiti ya data haiwezi kuikatiza, kwa kuwa hapana nodi ya kuipokea upande wa mbele, huitwa pengo la uelekezaji. Mapengo hayo husababishwa na nodi kutawanywa bila mpangilio, betri kwisha, kuwapo kwa ziwa au mwamba, au vifaa kuharibiwa na moto na mafuriko. Sababu hii ya mwisho ina uzito wa pekee, kwani mahali nodi zinapoteketea ndipo mara nyingi panapotokea jambo ambalo mtandao uliwekwa kulitazama.

Makala haya yanafuatilia namna watafiti walivyojifunza kuipitisha data kandokando ya mapengo, tangu enzi ya redio za pakiti hadi kuchapishwa kwa itifaki ya RPL mwaka 2012. Hoja kuu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho taaluma ilitafuta dhamana moja tu, yaani dhamana kwamba pakiti itafika. Dhamana hiyo ilipatikana, ikavunjika, ikatengenezwa upya kwa njia nyingine. Hata hivyo, kadiri ufundi wa kulizunguka pengo ulivyokomaa, ndivyo pengo lenyewe lilivyozidi kutoweka machoni pa mtu anayeipokea data. Kufika kwa pakiti na kufahamika kwa eneo ni mambo mawili, na historia ya uwanja huu inaonyesha jinsi yalivyochanganywa na jinsi yalivyoanza kutenganishwa.

2.0 Enzi ya Redio za Pakiti: Pupa na Mkwamo

Mizizi ya suala hili inatangulia vihisi. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kuutumia mtandao wa ALOHANET, ulioongozwa na Norman Abramson, kuunganisha vituo vya visiwani kwa redio. Katika muongo huohuo, shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, DARPA, liligharimia mtandao wa redio za pakiti ambamo kila redio iliweza kupokea ujumbe wa mwenzake na kuupeleka mbele. Swali likawa: redio moja inahitaji majirani wangapi ili mtandao ufanye kazi vizuri? Wakiwa na majirani wachache, ujumbe hukosa njia. Wakiwa wengi mno, sauti zao hugongana hewani.

Mwaka 1978 Leonard Kleinrock na John Silvester walijibu kwamba wastani unaofaa ni majirani sita. Mwaka 1984 Hideaki Takagi na Kleinrock walilirejea hesabu hilo na kupendekeza wastani wa majirani wapatao wanane. Katika kazi hiyo ya 1984 walichambua kanuni ambayo ingekuja kuwa msingi wa uelekezaji wa kijiografia: kila redio impe ujumbe jirani yule anayeusogeza mbele zaidi kuelekea mwisho wa safari. Ikumbukwe kwamba wastani haukingi dhidi ya mapengo. Redio zilizotawanywa kwa bahati nasibu zinaweza kuwa na wastani mzuri wa majirani, lakini zikasongamana upande mmoja na kuacha upande mwingine mtupu.

Gregory Finn, katika ripoti aliyoitoa mwaka 1987 kuhusu mitandao mikubwa ya miji, alilikabili tatizo hilo waziwazi. Katika mfumo wake kila nodi ilijua mahali ilipo, mahali walipo majirani zake na mahali pakiti inapokwenda, na ilimkabidhi pakiti jirani aliye karibu zaidi na mwisho wa safari. Huu ndio uelekezaji wa pupa. Jina linafaa, kwa sababu nodi hutazama faida ya mruko mmoja tu. Sifa yake kubwa ni wepesi, kwani nodi haihitaji kuhifadhi ramani ya mtandao mzima. Udhaifu wake ni kwamba pakiti inaweza kuingia mahali ambapo hakuna jirani aliye karibu zaidi na mwisho wa safari kuliko nodi iliyoishika, ingawa njia ya kuzunguka ipo. Pakiti hukwama ukingoni mwa pengo kama msafiri aliyefika ufukweni akiwa na dira lakini hana chombo. Dawa ya Finn ilikuwa kutangaza ombi kwa nodi zote za karibu, mruko baada ya mruko, hadi ipatikane iliyo mbele zaidi. Dawa hiyo ilifanya kazi, ila kwa gharama ya kelele nyingi hewani.

3.0 Mkono wa Kulia Ukutani, 1999–2000

Hatua kubwa ilipigwa mwaka 1999 na kundi la wanajometria na wanasayansi wa kompyuta, wengi wao wakiwa katika vyuo vikuu vya jiji la Ottawa, Kanada. Evangelos Kranakis, Harvinder Singh na Jorge Urrutia walionyesha kwamba kufuata dira peke yake kunaweza kuizungusha pakiti bila kikomo, kisha wakatoa mbinu isiyoshindwa kwenye grafu bapa, yaani grafu ambayo viungo vyake havikatani. Mwaka huohuo Prosenjit Bose, Pat Morin, Ivan Stojmenović na Urrutia waliihamishia mbinu hiyo katika mitandao ya redio na kuiunganisha na uelekezaji wa pupa.

Wazo lao linafahamika kwa yeyote aliyewahi kutafuta mlango wa kutokea gizani. Mtu aliyegusa ukuta kwa mkono wa kulia, akatembea bila kuubandua, hatimaye huumaliza mzingo wote wa ukuta huo. Viungo vya grafu bapa huigawa ardhi katika vipande vilivyozungushiwa mipaka, na pengo ni kimoja tu kati ya vipande hivyo, kikubwa kuliko vingine. Pakiti iliyokwama hufuata mpaka wa kipande kinachokatwa na mstari ulionyooka kutoka ilipo hadi inakokwenda. Ikifika mpaka unapokatana na mstari huo, huhamia kipande kinachofuata. Ikishafika mahali palipo karibu na mwisho wa safari kuliko pale ilipokwama, huirudia pupa yake.

Lilibaki swali la namna ya kuipata grafu bapa bila msimamizi anayeuona mtandao mzima. Jibu lilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1969 Ruben Gabriel na Robert Sokal, katika utafiti wa tofauti za kijiografia za viumbe, walikuwa wamependekeza kanuni ya kuamua ni vituo vipi vya sampuli vihesabiwe kuwa majirani: vituo viwili ni majirani iwapo duara lenye kipenyo kilichoviunganisha halina kituo kingine ndani yake. Nodi inaweza kuitumia kanuni hiyo kwa kutazama majirani zake tu. Na ikiwa kila redio ina upeo wa duara kamili, wa ukubwa uleule kwa wote, viungo vinavyobaki havikatani na mtandao haukatiki.

Mwaka 2000 Brad Karp na H. T. Kung wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwasilisha itifaki ya GPSR, iliyojengwa juu ya misingi hiyohiyo na kupimwa kwa programu za uigizaji wa mitandao inayohama. Kupitia GPSR mbinu ya mkono wa kulia ilienea katika utafiti wa mitandao. Kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba nodi yenye kumbukumbu ndogo, isiyojua lolote zaidi ya majirani zake, inaweza kushiriki katika mfumo wenye dhamana ya kihisabati ya kufikisha pakiti. Mwaka 2002 na 2003 watafiti wa ETH Zurich, wakiwamo Fabian Kuhn, Roger Wattenhofer na Aaron Zollinger, waliipa dhamana hiyo bei yake. Walithibitisha kwamba, katika hali mbaya kabisa, algoriti yoyote ya aina hii hulipa gharama inayolingana na mraba wa gharama ya njia bora, na wakabuni algoriti inayofikia kiwango hicho bila kukizidi.

4.0 Kutoka Ubaoni hadi Ardhini

Wakati nadharia ikipanda, vifaa vilianza kuwekwa nje. Katika kiangazi cha mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na maabara ya Intel waliweka mtandao wa nodi 32 katika kisiwa cha Great Duck, pwani ya jimbo la Maine, Marekani, ili kufuatilia hali ya hewa ndani na nje ya mashimo ya ndege wa baharini wanaotaga humo. Faida ilikuwa dhahiri, kwani kifaa hakimsumbui ndege kama anavyosumbuliwa na mtafiti anayekuja kila mara.

Uzoefu wa Kenya ulikuwa wa aina nyingine. Mradi wa ZebraNet wa Chuo Kikuu cha Princeton ulifunga nodi shingoni mwa pundamilia, na mnamo Januari 2004 vifaa vyake vilijaribiwa katika eneo la Laikipia. Pundamilia hutawanyika mbali kuliko upeo wa redio zao, kwa hiyo huko pengo lilikuwa ndiyo hali ya kawaida, na mawasiliano ndiyo yaliyokuwa nadra. Mkono wa kulia hauna ukuta wa kuugusa mahali ambapo hakuna njia nzima wakati wowote. Dawa ilikuwa kungoja: wanyama wawili walipokutana, vifaa vyao vilinakiliana kumbukumbu, hadi nakala mojawapo ifike kwenye kipokezi kilichobebwa na watafiti. Laikipia ilionyesha kwamba kulizunguka pengo ni jibu moja tu kati ya majibu yanayowezekana, tena ni jibu linalochukulia kwamba upo upande wa pili unaofikika.

5.0 Pengo Lapewa Sura

Katika GPSR pengo halikuwa na jina wala kumbukumbu. Kila pakiti iliyokwama ilililigundua upya, ikalizunguka, ikaendelea. Mwaka 2004 Qing Fang, Jie Gao na Leonidas Guibas waligeuza mtazamo huo. Walionyesha kwamba nodi inaweza kujua mapema kama ni mahali pa kukwama: iwapo pembe kati ya majirani wawili wanaofuatana haizidi nyuzi 120, hakuna pakiti itakayokwama kwa sababu ya uwazi uliopo kati yao. Nodi zenye nyuzi zaidi ya hizo hufanyiwa uchunguzi zaidi, na zile zinazothibitika huanzisha safari ya kulizunguka pengo mara moja na kuuhifadhi mpaka wake, ili pakiti zitakazofuata ziutumie. Pengo likawa kitu chenye mipaka kinachoweza kuchorwa.

Mwaka huohuo Guoliang Xing na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walitoa matokeo yanayoufunga uhusiano wa mapengo ya aina mbili. Ikiwa upeo wa redio ni angalau mara mbili ya upeo wa kuhisi, na eneo lisilo na kona za kuingia ndani limefunikwa lote, basi uelekezaji wa pupa haukwami kamwe. Sababu yake ni nyepesi. Sehemu ndogo ya ardhi iliyo mbele ya nodi, kuelekea mwisho wa safari, lazima ihisiwe na nodi fulani, na nodi hiyo lazima iwe ndani ya upeo wa redio. Maana ya matokeo hayo, yakigeuzwa, ni nzito: chini ya masharti hayo, kila pakiti inayokwama ni ushahidi kwamba ipo ardhi isiyotazamwa na mtu wala kifaa. Mkwamo ni taarifa. Itifaki inayouzunguka mkwamo bila kuuripoti huifikisha data iliyotumwa, lakini huipoteza taarifa hiyo nyingine njiani.

Mwaka 2005 Nadeem Ahmed, Salil Kanhere na Sanjay Jha wa Australia walichapisha tapitio la mapengo, wakitenganisha mapengo ya ufunikaji, ya uelekezaji, yanayosababishwa na kuvurugwa kwa mawimbi, na yanayotokana na nodi hasidi. Katika kipindi hichohicho Robert Ghrist, pamoja na Abubakr Muhammad na baadaye Vin de Silva, alitumia topolojia ya aljebra kugundua mapengo ya ufunikaji bila kujua mahali nodi zilipo, kwa kutazama tu nani anasikilizana na nani. Swali la “pakiti itapitaje?” lilikuwa limepata mwenzake: “ni wapi hatuoni?”

Lilijitokeza pia tatizo la uchakavu. Pakiti zote zinazolizunguka pengo hupita ukingoni mwake, na kwa hiyo nodi za ukingoni hufanya kazi kuliko wenzao. Betri zao hutangulia kwisha, ukingo hurudi nyuma, na pengo hupanuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ni ile njia ya kuukwepa ufa inayoupanua.

6.0 Dhamana Yavunjika

Dhamana ya mwaka 1999 ilisimama juu ya sharti kwamba upeo wa redio ni duara. Vipimo vya nodi halisi havikuliafiki. Mwaka 2003 Jerry Zhao na Ramesh Govindan walieleza ukanda wa kijivu unaoizunguka kila redio, ambamo nodi moja husikika vizuri na nyingine, iliyo umbali uleule, haisikiki. Viungo vingine vilikuwa vya upande mmoja, A akisikika kwa B bila B kusikika kwa A. Mwaka 2004 Karim Seada, Ahmed Helmy na Govindan walionyesha kwamba hata makosa madogo katika kukadiria mahali nodi ilipo yanatosha kuivuruga mbinu ya mkono wa kulia.

Mwaka 2005 Young-Jin Kim, Govindan, Karp na Scott Shenker waliijaribu mbinu hiyo kwenye mitandao halisi ya majaribio. Kanuni ya Gabriel iliacha viungo vinavyokatana mahali pengine na kukata viungo vya lazima mahali pengine, hata pakiti zikazunguka bila kufika baina ya jozi nyingi za nodi ambazo kwa hakika zilikuwa na njia. Ni vyema kutambua kwamba Karp, mmoja wa waasisi wa GPSR, alikuwa miongoni mwa walioanika udhaifu huo. Dawa yao, itifaki ya CLDP, iliitaka kila nodi itume pakiti za uchunguzi kando ya kila kiungo na kuondoa vile tu vinavyothibitika kukatana na vingine. Dhamana ilirudi, lakini wepesi wa awali ulipungua.

7.0 Kubadili Ramani, Kisha Kuiacha

Wengine walijiuliza kama kosa lilikuwa la ramani yenyewe. Mwaka 2003 Ananth Rao na wenzake walipendekeza nodi zipewe anwani za kubuni, zinazofuata mawasiliano badala ya ardhi. Christos Papadimitriou, aliyekuwa mmoja wao, alikisia mwaka 2004 pamoja na David Ratajczak kwamba kila grafu bapa iliyofungamana kwa kiwango cha tatu inaweza kuchorwa ili pupa isikwame kamwe, na Tom Leighton na Ankur Moitra wakatoa uthibitisho mwaka 2008. Mwaka 2007 Robert Kleinberg alionyesha kwamba katika jometria ya haipaboli kila mtandao uliounganika unaweza kupewa mchoro wa namna hiyo. Mwaka 2009 Rik Sarkar na wenzake walitumia mtiririko wa Ricci, dhana ya jometria ya hali ya juu, kuubadilisha mtandao ili kila pengo liwe duara, umbo lisiloweza kuikwamisha pakiti.

Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, ramani iliachwa. Mitandao mingi ina kituo kimoja cha kukusanyia data, na pakiti zote zinaelekea huko. Itifaki ya CTP, iliyoelezwa na Omprakash Gnawali na wenzake mwaka 2009, iliipa kila nodi makadirio ya gharama ya kukifikia kituo, na pakiti ikawa inashuka kutoka gharama kubwa hadi ndogo kama maji yanayotafuta bonde. Mnamo Machi 2012 shirika la viwango vya intaneti, IETF, lilichapisha itifaki ya RPL katika waraka RFC 6550, ambamo kila nodi ina cheo kinachopimwa kutoka mzizi na inaweza kuchagua mzazi mwingine wa kupitishia pakiti pindi wa kwanza anapokufa. Katika mfumo huo pengo halihitaji kuzungukwa kwa makusudi, kwa kuwa gharama za nodi zilizo nyuma yake tayari zimehesabiwa kupitia pembeni.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba uelekezaji kandokando ya mapengo ulipita katika awamu nne: pupa isiyo na dawa ya uhakika, dhamana ya mkono wa kulia, kuvunjika kwa dhamana hiyo mbele ya redio halisi, na kuhamia katika miti inayojirekebisha. Kila awamu ilitatua tatizo lililoachwa na iliyotangulia, na kila awamu iliuficha mkwamo zaidi. Kwa Finn, pengo lilipiga kelele, kwa sababu kila pakiti iliyokwama ilizitaabisha nodi za jirani. Kwa RPL, pengo ni mabadiliko madogo ya cheo.

Ukimya huo ni mafanikio ya uelekezaji, lakini ni hatari kwa mwenye kuitegemea data. Mlinzi wa msitu anayeona vipimo vikimfikia bila kukatika anaweza kuamini kwamba msitu mzima unatazamwa, ilhali nodi zilizo katikati ya moto zimekwisha kuteketea na data ya pembeni imejipatia njia nyingine. Kazi za Fang, Xing na Ghrist zilitoa zana za kulitaja pengo, si kulikwepa tu. Funzo la kihistoria kwa wabunifu wa mitandao hii ni kwamba kuifikisha pakiti na kuripoti mahali pasipotazamwa ni wajibu miwili, na wa kwanza ukitimizwa vyema bila wa pili, mtandao humridhisha mtumiaji wake pale hasa unapopaswa kumtia wasiwasi.